Kabari ya Chenge

Longino alikuwa amelala chali chini ya lori, mikono imejaa grisi, alipoona miguu miwili ambayo hakuisikia ikija.

Ilikuwa miguu ya mwanamke mzee, pekupeku, imepauka kwa vumbi la njia ndefu. Ilikuwa imesimama karibu na gurudumu la nyuma, imetulia kabisa. Uwanja wa gereji ya Shamshudin ulimwagiwa changarawe kutoka langoni hadi ukutani, na hata kuku hakuweza kuuvuka bila kusikika. Lakini miguu hii ilikuwa pale, kana kwamba imeota.

"Kama ni maji, mama, mtungi uko pale kivulini," Longino alisema akiwa bado chini. "Kunywa tu."

Miguu haikusogea. Mwenyewe aliinama, na Longino akauona mkono wake ukishuka, ukaligusa gurudumu taratibu, kama mtu anavyompapasa ndama mgonjwa.

"Ng'wanone," sauti ilisema kwa kubembeleza. "Mwanangu. Umekonda hivi?"

Longino alijivuta nje kwa upande wa pili, akasimama akijifuta mikono kwa kitambaa. Alikuwa mtu wa Bukoba, mrefu, mpole, na alilelewa kuwaheshimu watu wazima hata wanapozungumza na magurudumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye Longino?"

"Ndiye mimi."

"Alikutaja. Alisema yupo Mhaya mmoja anayecheka hata gari likikwama matopeni." Mwanamke aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu kwa vumbi, lakini makavu. "Mimi ni mama yake Chenge. Natoka Buhongwa."

Kitambaa kikasimama mikononi mwa Longino.

Siku zile, lori halikuthubutu kupanda mlima bila mtu wa kabari. Injini zilikuwa dhaifu na breki za kubahatisha, basi mtu mmoja mwenye nguvu alisimama nyuma, mguu mmoja nje, ameshika kipande kizito cha mti kilichochongwa kwa mshazari. Lori likizimika katikati ya mlima na kuanza kurudi nyuma, yeye huruka chini, huisukumiza kabari chini ya gurudumu, kisha hugonga ubavu wa bodi mara mbili kwa kiganja. Ko, ko. Maana yake: imeshika, dereva, achia mguu, pumua. Hapakuwa na dereva aliyeachia mguu kabla ya kusikia ko, ko.

Mtu wa kabari wa lori hili alikuwa Chenge. Masika matatu yalikuwa yamepita tangu waliposhuka Kigongo, kule mitumbwi ilikoleta pamba kutoka Busisi, wakapakia magunia mpaka juu, wakaanza kupanda kutoka ufukweni. Shimba ndiye aliyeshika usukani. Longino alikaa juu ya magunia pamoja na wapagazi. Mvua ilikuwa imenyesha. Injini ikakohoa, ikanyamaza, na lori likaanza kurudi kuelekea majini. Chenge akaruka. Akaweka kabari, ikateleza kwenye tope. Akaiweka tena, na mara hii akaishikilia kwa bega. Lori likasimama, na kule juu Longino na wapagazi wakasikia makofi mawili ubavuni. Wakacheka kwa furaha. Walicheka mpaka waliposhuka na kuona bega la Chenge liko wapi na kabari iko wapi.

Walimzika palepale juu ya ufuko, haraka, maana mvua ilikuwa inarudi na pamba ilikuwa inangojwa. Buhongwa hakwenda mtu. Kila mmoja alidhani mwenzake amekwenda.

"Nilizisikia habari zake kwa wapita njia," mama yake Chenge alisema sasa. Hakusema kwa lawama. "Nikalia, nikanyamaza. Lakini mwaka huu anakuja. Anakaa mlangoni, haingii. Namwambia ingia, anasema, 'Mama, bado niko kazini. Hawajaniambia nishuke.' Mabega yake yamekwisha, Longino. Yamekuwa kama ya mtoto."

Mwanamke aliligeukia lori tena.

"Ile kabari mnayo bado?"

Alinyoosha kidole. Ilikuwa imening'inia kwenye ndoano nyuma ya kibanda cha dereva, nyeusi kwa mafuta na jasho. Hakuna aliyeitumia tena, na hakuna aliyethubutu kuitupa.

"Ichukue, mama. Ichukue sasa hivi."

Mwanamke akatikisa kichwa. "Mimi sikumpeleka kazini, nitamtoaje? Aliyefia kazini hurudishwa na wenzake wa kazi. Ndivyo tunavyofanya kwetu. Mnileteeni ninyi. Na nasikia gari hili linakwenda kukaguliwa."

"Jumatatu, mama. Pale Nyamagana, mbele ya boma."

"Basi asishuke nalo tena ule mteremko wa ukaguzi. Akishuka nalo mara hii, hatabaki na kitu cha kurudisha."

"Hatashuka nalo, mama. Nitamleta mwenyewe."

Alisema hivyo kwa moyo mweupe, kama mtu anayeombwa ndizi moja naye ana mkungu mzima. Mwanamke alimshika mkono wenye grisi, akaufunika kwa mikono yake miwili, kisha akageuka kwenda zake. Longino alimsindikiza kwa macho hadi langoni. Changarawe haikulia hata mara moja.

*

Ahadi ile ilikuwa rahisi kwa sababu Longino aliamini mikono yake.

Lori lenyewe lilikuwa kuukuu. Lilifika Mwanza miaka michache baada ya vita vya Mjerumani, na wenzake liliokuja nao walikwisha kugeuzwa karai na majembe katika karakana ya Mahesh. Lakini tangu Chenge afe lilikuwa limekaguliwa mara tatu, na mara tatu limepita. Kila mwaka Bwana Mkaguzi alikuja kwa meli, magari yote ya mji yakapangwa mbele ya boma, akatazama taa, akasikiliza honi, akatikisa usukani. Mwisho kila gari liliteremshwa mteremko wa kuelekea ziwani, na katikati yake dereva akaamriwa kusimama. Hapo ndipo magari mapya yenye rangi inayong'aa yalipopitiliza na kurudishwa nyumbani kwa aibu. Lori la Shamshudin lilisimama palepale lilipoambiwa, kama limepigwa msumari.

Vijana wa mjini walilipa jina la Mama Mkwe. "Hata Mzungu analiogopa," walisema. "Akilifikia tu, anatazama pembeni na kutoa cheti."

Sifa zilimwendea Longino. Ni yeye aliyekata mikanda mizee ya mashine ya kuchambulia pamba, akaibana magurudumuni badala ya breki zilizokwisha, kwa maana za aina ile hazikuletwa tena. Alizipokea sifa hizo kwa haya kidogo, lakini alizipokea. Na wiki ile Shamshudin mwenyewe, aliyekwisha kuagiza lori jipya, alimwita penye benchi la vyuma.

"Longino, wewe umekaa na mimi tangu ndevu yangu nyeusi," alimwambia. "Huyu mzee akipita Jumatatu, mimi naandika jina yako. Gari yako. Akianguka, basi, Mahesh anangoja chuma. Mimi nafanya nini na gari bila cheti?"

Longino alikwenda nyumbani siku ile kama anayekanyaga pamba. Yeye na mkewe Celestina waliishi katika chumba kimoja nyuma ya gereji, ukuta wake mmoja ukiwa wa mabati ya madebe. Waliketi kitandani wakapanga. Wangebeba samaki wakavu kwenda Shinyanga, wangerudi na mchele. Wangejenga chumba chenye dirisha linalotazama ziwa. Celestina, aliyekuwa na mimba ya kwanza, alisema kiti cha dereva ataufuma mkeka wake mwenyewe.

*

Jumamosi mchana Longino aliitoa kabari kwenye ndoano, akaiegemeza ukutani. Alikusudia kwenda nayo Buhongwa baada ya kula. Kabla ya hapo alitaka kulijaribu lori mara moja tu katika kilima kidogo cha nyuma ya gereji.

Alilipandisha, akaligeuza, akaliachia literemke, akakanyaga breki.

Halikusimama.

Alikanyaga kwa miguu miwili. Akavuta breki ya mkono mpaka mshipa wa shingo ukamtoka. Lori liliendelea kushuka polepole, bila haraka, kama ng'ombe anayekwenda kunywa maji, mpaka alipolielekeza kwenye lundo la mchanga likazama pua.

Alikaa akitweta. Akatoka, akaingia chini, akakaza kila cha kukaza. Akapanda tena. Lori likashuka tena, likauingia mchanga uleule, katika shimo lilelile.

Longino alisimama juani akiitazama kabari pale ukutani. Juu yake, kwenye vilima vya Mwanza, mawe makubwa kama nyumba yalikuwa yamekaa juu ya mawe madogo, kama yalivyokaa tangu mababu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alijiuliza ni nini kinachoyashikilia yasishuke.

Akaichukua kabari. Akaitundika kwenye ndoano yake. Akapanda kilima mara ya tatu, akaliachia lori.

Alipoweka mguu kwenye breki, kabla hajaukandamiza, lori lilisimama.

Kisha, ubavuni, mahali palepale pa zamani:

Ko, ko.

Alitamani kutogeuka, akageuka. Njia ilikuwa tupu, jua linawaka. Alishuka akazunguka nyuma. Katika vumbi kavu chini ya gurudumu palikuwa na alama, si ya kabari, bali ya kitu kipana na cha mviringo kilichokandamizwa kwa nguvu, na ndani ya alama ile vumbi lilikuwa tope. Kabari ilikuwa kwenye ndoano. Aliigusa. Ilikuwa imelowa, na ilikuwa na joto kama mtu aliyefanya kazi.

Mvua haikuwa imenyesha Mwanza kwa muda mrefu.

"Chenge," alisema. "Ni wewe, ndugu yangu? Miaka yote hii ni wewe?"

Upepo wa ziwa ulipita, ukayatikisa mabati ya gereji, ukanyamaza.

*

Alimsimulia Celestina yote, hata lile la breki, ambalo lilimwuma kuliko alivyotarajia. Celestina aliendelea kumenya ndizi, lakini kisu kilikwenda polepole zaidi na zaidi.

"Kwa hiyo si mikono yako," alisema mwishowe.

"Si mikono yangu."

"Pole, mume wangu." Akaweka kisu chini. "Lakini sikiliza. Ukaguzi ni keshokutwa. Unaweza kuipeleka Jumanne. Siku moja baada ya ukaguzi, Longino. Amengoja masika matatu, atashindwa siku tatu? Tutamtolea na misa. Tutamwandikia jina lake ubavuni mwa gari, kila mtu alisome."

"Mama yake alisema asishuke nalo tena."

"Mama yake ana nyumba. Sisi tuna mabati." Alisema hivyo akiwa ameshika tumbo lake, na hapohapo machozi yakamjaa, maana hakuwa mwanamke mbaya, na maneno yalimtoka kabla hajayatazama. "Jumanne," alinong'ona. "Namwomba yeye mwenyewe. Chenge, tusaidie mara moja tu."

Moyoni Longino alikuwa amekwisha kukubali, na hilo ndilo lililomfanya asile usiku ule.

Jumapili alisema atakwenda Buhongwa baada ya misa. Baada ya misa akasema jua ni kali. Alasiri aliketi mlangoni na kutazama ziwa, na kutoka majini wadudu wa ziwani walikuwa wakipanda, mamilioni kwa mamilioni, kama nguzo za moshi zinazotembea juu ya maji bila moto. Nguzo moja ilikuja nchi kavu. Ilisimama nje ya lango la gereji kwa muda mrefu, nyembamba, yenye urefu wa mtu, imepinda upande mmoja kama mtu mwenye bega bovu. Haikuingia. Ilisimama tu, kama mtu anayengoja kuambiwa ashuke.

Longino aliingia ndani, akafunga mlango.

*

Jumatatu magari yalipangwa mbele ya boma tangu asubuhi. Askari walikuwa wameufunga mteremko kwa kamba ili watu wasivuke, na njia nzima, kutoka juu mpaka kwenye majani ya ufukweni, ilikuwa wazi. Madereva walikuwa wakitaniana kuondoa hofu.

"Mhaya, umemleta Mama Mkwe?" aliita Shimba. Baada ya siku ile ya Kigongo hakuligusa tena lori la Shamshudin. Sasa aliendesha gari jipya la mfanyabiashara mwingine, na lilikuwa limerudishwa punde tu kwa kupitiliza alama. "Mwambie anifundishe kusimama!"

"Atakufundisha kwanza kuamkia," alijibu mwingine, watu wakacheka.

Longino hakucheka. Shimba, aliyemjua vizuri, akaacha utani, akaitazama ndoano ya nyuma.

Shamshudin alikuwa kando chini ya mwavuli, amevaa koti lake la Idi. Alimpungia mkono. Celestina alisimama nyuma yake, hakupunga.

Zamu ilifika. Taa zikawaka, honi ikalia, usukani ukakubali. Bwana Mkaguzi, mtu mwembamba mwenye shingo iliyobabuka kwa jua, alitabasamu.

"Mzee huyu tena," alisema. "Haya, fundi. Teremka. Nikiinua bendera, simama."

Longino alilipeleka lori mpaka ukingoni mwa mteremko, akasita. Mbele yake ziwa lilikuwa jeupe kwa jua. Na hapo, katikati ya kishindo cha injini, akasikia kitu nyuma ya kichwa chake, nyuma ya ubao wa kibanda. Mtu alikuwa akivuta pumzi. Pumzi fupi, nzito, ya mtu aliyechoka anayejikusanya kwa mara nyingine. Kisha akasikia mguu mmoja ukitoka nje, ukining'inia, ukiwa tayari kuruka.

Alilijua zoezi lile. Alikuwa ameliona mara nyingi akiwa juu ya magunia, akicheka.

Longino alivuta breki ya mkono, akazima injini, akashuka.

"Bwana," alisema, "breki hazishiki."

Mkaguzi alimtazama. "Mwaka jana zilishika."

"Hazikushika mwaka jana wala mwaka juzi, bwana. Lilikuwa likishikwa."

"Likishikwa na nani?"

Longino alifungua kinywa, akaona hakuna maneno ambayo yangeingia katika masikio yale, wala si kosa la masikio. "Na mwenzangu," alisema. "Amechoka."

"Fundi, watu wote hapa wananiambia gari ni zima, wewe mwenye kulitengeneza unalikana?"

"Ndiyo, bwana. Nalikana."

Alikwenda nyuma. Aliinua mikono yake miwili, akaitoa kabari kwenye ndoano taratibu, kama mtu anavyompokea mtoto aliyelala kutoka mgongoni mwa mama yake. "Shuka, Chenge," alisema kwa sauti ya chini. "Kazi imekwisha. Shuka, ndugu yangu."

Lori likashusha pumzi. Wote waliokuwa pale walisema hivyo baadaye, hata wasioamini mambo kama hayo: springi zake zilizama, bodi ikalia, na lori zima likakaa chini kama mzee anayeketi. Kisha gurudumu la mbele likazunguka kidogo. Kisha likazunguka tena.

"Linakwenda!" alipiga kelele askari.

Lilikwenda polepole. Kwa hatua za kwanza lilikwenda polepole sana hivi kwamba mtu angeweza kutembea pembeni yake, na Longino alitembea pembeni yake, kabari kifuani.

"Kabari!" Shimba alipiga ukelele uliokuwa umemkaa kooni tangu Kigongo. "Longino! Weka kabari!"

"Iko mkononi yako!" Shamshudin alikuwa ametupa mwavuli. "Gari yako hiyo! Mkononi yako!"

Longino alitazama chini ya mteremko. Njia ilikuwa tupu. Kamba za askari zilikuwa zimewashikilia watu wote pembeni, na mwisho wake yalikuwapo majani na maji tu. Alitazama gurudumu. Lilikuwa karibu kabisa, angeweza kuinama tu. Aliona mkeka ambao haujafumwa. Aliona dirisha. Akaikumbatia kabari kwa nguvu zaidi, akasimama.

Lori lilimpita. Lilishika kasi, likayumba, likayapasua majani ya ufukweni na kuwarusha korongo juu, likaingia ziwani bila kelele kubwa. Maji yalipanda mpaka kwenye taa. Hapo likasimama, peke yake, bila kuguswa na mtu.

Bwana Mkaguzi aliishusha bendera yake, ambayo hakujua kwamba alikuwa ameiinua.

Shamshudin alikuja akiburuta miguu, akasimama mbele ya Longino, akatazama uso wake, akatazama kabari. Alikuwa mtu aliyewahi kuzika watoto wake wawili katika mji ule, na kitu fulani kikapita usoni mwake.

"Kesho tutasema," alisema. "Leo, nenda. Nenda na yeye."

Celestina alikuwa amefika. Alifungua kanga yake ya juu, bila kumtazama mumewe machoni, akaifunika kabari, akaikunja pembe vizuri ili jua lisiingie. "Usijitwike kichwani," alisema. "Mbebe."

*

Alitembea mchana kutwa kwa njia ya Shinyanga. Kabari ilikuwa nzito kuliko mti wowote alioubeba, na mabega yalimwuma mpaka akayajua mabega ya mwenzake yalivyokuwa. Hakuitua. Alipopita kati ya mawe yaliyobebana alisikia changarawe ikilia chini ya miguu yake, na nyuma yake kidogo, changarawe nyingine ikilia. Hakugeuka. Hakuwa na hofu tena. Alikuwa na haya tu, haya ya mtu anayetembea na mgeni aliyemchelewesha sana.

Karibu na Buhongwa msichana mmoja alikuwa akichota maji kisimani. Longino alimwomba ya kunywa. Msichana alijaza kata moja, akampa. Kisha akajaza ya pili, akamnyooshea mtu aliye pembeni yake, akangoja kwa adabu. Kata ilirudi tupu. Msichana aliitumbukiza tena kisimani, akaendelea kuchota.

Mama yake Chenge alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yake ya udongo, karibu na mihogo iliyoanikwa. Aliwaona kutoka mbali. Hakukimbia. Alisimama, akaondoa kigoda chake njiani, akaufungua mlango mpaka mwisho.

"Nimechelewa, mama," Longino alisema.

"Alisumbua njiani?"

"Hapana, mama. Alikunywa maji."

Mwanamke aliitikia kwa kichwa, ameridhika, kama mama anayeambiwa mtoto wake alikula vizuri ugenini. Ndani, ngozi ya ng'ombe ilikuwa imetandikwa karibu na ukuta. Longino alipiga magoti, akailaza kabari, akaifunua kanga. Mti ulikuwa mkavu. Kando ya ngozi palikuwa na ugali na mlenda katika chungu, na moshi wake ulikuwa bado unapanda.

"Gari?" mwanamke aliuliza.

"Liko ziwani."

Hakusema pole. Alimshika mkono kama siku ile, akaufunika kwa mikono yake miwili, na mara hii ulikuwa mkono usio na grisi.

Longino aliaga akatoka. Jua lilikuwa likishukia upande wa ziwa, na kutoka pale hakuona maji, ila mwanga wake tu juu ya mawe. Mbele yake palikuwa na njia ndefu, chumba cha mabati, na kesho ambayo Shamshudin alisema watasema. Alipofika kwenye mihogo alisimama, bila kujua anangoja nini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekazwa ardhini, kama bado unakandamiza kitu.

Nyuma yake mlango ulifungwa taratibu, kutoka ndani.

Kisha, juu ya mbao za mlango, kiganja kikagonga mara mbili.

Longino akauachia mguu, akaenda zake.